RAV4, X-Trail, Forester, CR-V au CX-5 iliyotumika: linganisha tengenezo zito kabla ya bei

Anayetafuta krosova iliyotumika huanza na bei, kisha kilomita, kisha rangi. Ningemsihi aanze na swali jingine: tengenezo zito kuliko yote ambalo gari hili linajulikana kudai ni lipi, na je, dalili zake zinaonekana kabla sijatoa pesa?

Nasema hivyo kwa sababu orodha ndefu za matatizo madogo humchanganya mnunuzi. Bushi, stabilaiza linki, shokapu, beringi za magurudumu, breki pedi na mauntingi za injini zitakwisha kwenye krosova yoyote iliyotembea sana. Krosova ni bodi ndefu na nzito juu ya msingi wa gari dogo la kawaida, kwa hiyo sospensheni yake hubeba mzigo mkubwa. Lakini gharama ya vitu hivyo haipishani sana kati ya RAV4 na CR-V, au kati ya X-Trail na Forester. Kinachoyatenganisha magari haya ni tengenezo moja au mawili makubwa, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Hapa sitapima gharama kwa fedha, maana bei za vipuri hupanda na kushuka. Nitapima kwa kazi. Tengenezo jepesi ni lile fundi analolimaliza kwa kuvua tairi au kifuniko: sensa, linki, plagi. La kati ni kipuri ghali kinachofungwa kwa nje, kama kompresa ya AC, rejeta au raki ya usukani. Zito ni lile linalolazimu kushusha giaboksi, kuchomoa injini au kufungua silinda hedi. Hapo ufundi peke yake ni siku nzima au zaidi, na mara nyingi ukishafungua unakuta kingine cha kubadilisha. Kwa gari la zamani, tengenezo zito moja linaweza kufikia nusu ya bei uliyolinunulia.

X-Trail na RAV4

Hawa ndio washindani wanaolinganishwa mara nyingi zaidi, na tofauti yao kubwa iko kwenye giaboksi.

X-Trail ya kwanza, T30, ilitoka mwaka 2000. Otomatiki yake ni ya kawaida, ya gia nne, na ni imara ikibadilishiwa oili. Matatizo yake yanayojulikana ni ya injini. Sensa za kamshafti na krankishafti hufa, na gari huzima ghafla au hukataa kuwaka likiwa la moto. Hilo ni tengenezo jepesi. Cheni ya taimingi hulegea na kuanza kelele asubuhi, na hilo si jepesi tena. Kwenye injini ya lita 2.5, QR25DE, za miaka ya mwanzo, masega ya katalaiza, kichujio cha moshi wa egzosi kilicho karibu na injini, humeguka na vumbi lake hurudi kwenye silinda, likazikwaruza, na injini ikaanza kula oili. Ukikutana na T30 ya 2.5 inayotoa moshi wa bluu, usijadili bei. Ondoka.

Kuanzia T31 ya mwaka 2007, otomatiki za petroli zikawa CVT, na T32 ya 2013 ikaendelea nayo. CVT haina gia zinazopanda ngazi kwa ngazi. Ina puli mbili zinazobana na kuachia, na katikati yake kuna mkanda wa chuma. Kinachoushika mkanda huo usiteleze ni presha ya oili. Oili ikichoka au ikichemka kupita kiasi, presha hushuka, mkanda huteleza, puli hukwaruzika, na vumbi la chuma husambaa hadi kwenye njia nyembamba zinazoongoza oili hiyo. Kuanzia hapo uharibifu hujizidisha wenyewe. Ndiyo maana CVT ikishaanza kutetema, kubadilisha oili peke yake huwa kumechelewa.

Tatizo hili si uvumi wa vijiweni. Nchini Marekani Nissan ilirefusha dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, kisha ikairefusha tena kwa Rogue za 2014 hadi 2018, ambazo ni X-Trail T32 kwa jina la soko hilo. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa gari lililotumika hulikuta gari wakati dhamana zote zimeshakwisha.

Gharama ya kufufua CVT iko daraja la zito la juu kabisa. Giaboksi lazima ishuke. Kuifungua na kuijenga upya kunahitaji fundi mwenye vifaa na uzoefu wa CVT, na si kila gereji inao. Wengi hununua giaboksi iliyotumika, ambayo nayo ina umri uleule na huenda ina ugonjwa uleule. Na hata ikipatikana nzima, kwenye nyingi kompyuta ya giaboksi lazima iingiziwe vipimo vya giaboksi hiyo mpya, la sivyo itashika vibaya tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa RAV4, giaboksi haina habari kubwa, isipokuwa moja. RAV4 za 2001 hadi 2003 zilikuwa na kompyuta ya injini inayokufa na kuifanya otomatiki ibadilishe gia kwa kishindo. Waliobadilisha giaboksi nzima bila kupima kompyuta walipoteza pesa bure, maana kompyuta ni tengenezo la kati tu. Ubaya ni kwamba ukiendelea kuendesha hivyo kwa muda mrefu giaboksi nayo huumia.

Mzigo wa RAV4 uko kwenye injini. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani kati ya 2000 na 2005 nyingi zina 1AZ-FSE, ile inayoandikwa D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Njia zake za hewa hujaa masizi, sailensi ikawa ya kutetemeka, na pampu yake ya presha kubwa ni ghali. Toleo la 1AZ-FE lisilo na D-4 ni rahisi zaidi kulihudumia, na kama una nafasi ya kuchagua, chagua hilo. Zote mbili, pamoja na ndugu yao wa lita 2.4, 2AZ-FE, zina bloku ya alumini ambayo nyuzi za bolti za silinda hedi huweza kuachia baada ya miaka. Hedi hunyanyuka kidogo upande wa nyuma, kulanti huvuja mahali pasipoonekana, gari huchemsha. Tiba ni kufungua hedi, kutoboa mashimo upya na kuweka nyuzi za chuma. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu kuliko ilivyotoka kiwandani, ila ni kazi zito.

RAV4 ya lita 2.4 ya kuanzia 2006 ina jambo jingine: ringi za pistoni zinazoganda na kuruhusu oili iungue. Toyota Marekani ilitumia kipimo cha karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Ikizidi hapo, injini ilihesabiwa kuwa inakula oili na pistoni zikabadilishwa. Kipimo hicho ni kizuri kukishika hata leo, popote ulipo.

Kizazi hichohicho, cha 2006 hadi 2011, kiliitwa na Toyota mwaka 2012 kwa ajili ya mikono ya sospensheni ya nyuma. Nati za kurekebishia magurudumu ya nyuma zisipokazwa ipasavyo baada ya wili alaimenti, nyuzi hupata kutu na kulika, na mkono unaweza kuachana. Mwambie fundi aingie chini atazame nati hizo. Ni dakika chache, na ni usalama wa familia yako.

Sasa uamuzi. Ugonjwa wa RAV4 huonekana: unashika kijiti cha oili, unatazama kulanti, unatafuta ukoko mweupe au wa pinki nyuma ya injini. Ugonjwa wa CVT ya X-Trail hujificha hadi giaboksi ipate moto. Kwa hiyo RAV4 naiamini zaidi, hata ikiwa ghali. X-Trail T31 au T32 ya CVT ningeinunua pale tu inapokuwa nafuu kuliko RAV4 ya umri wake kwa kiasi kinachotosha kununua na kufunga giaboksi nyingine. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, muuzaji hajakupunguzia chochote. T31 yenye gia za mkono ni habari nyingine kabisa: ina nafasi, viti vizuri, na klachi yake ni gharama unayoweza kuipangia. Kama unaendesha gia za mkono bila shida, itafute.

Forester na CR-V

Subaru Forester hupendwa na watu wanaopita njia mbaya, na wana sababu. Magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, injini imelala chini, gari halilali kwenye kona. Lakini mpangilio huohuo ndio unaofanya matengenezo yake mazito yawe mazito kweli.

Injini ya EJ25 ya lita 2.5 ni maarufu kwa gasketi za silinda hedi. Za miaka ya 1990 huvuja kwa ndani: mapovu kwenye tangi la kulanti, gari linachemsha safarini bila dalili ya kutosha mapema. Za baadaye huvuja kwa nje, oili na kulanti zikilowanisha sehemu ya chini ya hedi, polepole, mwaka hata miwili kabla ya kufikia hatari. Kwa kuwa injini ina hedi mbili, moja kila upande, gasketi ni mbili, na mafundi wengi huchomoa injini yote ili wafanye kazi safi. Ukifika hapo usibane matumizi: badilisha zote mbili, weka za chuma za tabaka nyingi, hedi zichongwe ziwe tambarare, na mkanda wa taimingi na pampu ya maji vibadilishwe humohumo. Anayefanya upande mmoja ili apunguze gharama ataichomoa injini tena.

Forester za lita 2.0 zisizo na tabo, injini ya EJ20, zina sifa nzuri zaidi kwa upande wa gasketi. Hizo ndizo ningemshauri mtu anayependa Forester ya zamani. Zenye tabo zina raha yake, lakini zinadai oili nzuri kwa wakati, na mrija wa oili wa tabo una kichujio kidogo kinachoziba na kuiua tabo kimyakimya. Usinunue ya tabo ambayo huwezi kujua ilibadilishiwa oili vipi.

Injini zote za EJ zinatumia mkanda wa taimingi, na hesabu ya kawaida ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika kwenye EJ25, valvu hugongana na pistoni. Kuubadilisha ni kazi ya nusu siku. Kuusahau ni kazi ya injini. Tangu mwishoni mwa 2010 Forester zikaanza kuingia injini za FB, ambazo zina cheni. Gasketi hazikuwa tena hofu kubwa, ila FB za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili, na hilo lilifikishwa mahakamani Marekani likaishia kwa makubaliano yaliyohusu Forester za 2011 hadi 2014. Za kizazi cha 2013 na kuendelea nyingi ni CVT pia, yenye cheni badala ya mkanda. Subaru nayo ilirefusha dhamana yake Marekani, kwa hiyo usidhani CVT ni tatizo la Nissan peke yake.

Halafu kuna tairi. Kwa kuwa magurudumu yote yanazunguka kwa pamoja, tairi moja ikiwa kubwa kuliko nyingine mfumo hufanya kazi usiotakiwa kuifanya hata barabara iliyonyooka. Subaru hutaka mzingo wa tairi zote nne usipishane zaidi ya takriban milimita 6. Mtu akipasua tairi moja huenda akalazimika kununua nne. Zitazame tairi za gari unalotaka kununua: zikiwa za aina mbili au zimelika tofauti, geuza usukani hadi mwisho kwenye sakafu kavu na uendeshe taratibu. Gari likijivuta na kurukaruka kama limeshikwa breki, klachi ya kugawa nguvu ndani ya giaboksi imeshaanza kuchoka.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya Forester za SF na SG, yaani kizazi cha kwanza na cha pili, zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likibeba mzigo. Zikifa, nyuma hukaa chini. Mpya ni ghali sana. Unaweza kuweka za kawaida, lakini lazima ubadilishe na springi zake, vinginevyo gari litaendelea kukaa chini.

Honda CR-V ukiiweka pembeni ya Forester, inachosha kidogo kuizungumzia, na hiyo ni sifa. Ya kwanza, iliyotoka 1995, ina injini ya B20B yenye mkanda wa taimingi na valvu zinazohitaji kupimwa nafasi zake. Valvu za egzosi hubana taratibu na siku moja silinda hupoteza nguvu. Kuzirekebisha mapema ni kazi ya saa chache. Kuanzia kizazi cha pili, cha 2001, injini ni za cheni, na valvu bado zinarekebishwa kwa mkono.

Tengenezo kubwa la CR-V ya pili ni AC. Kompresa ikipasuka ndani husambaza chembe za chuma kwenye kondensa na mabomba yote, na ukiweka kompresa mpya bila kubadilisha kondensa, nayo inakufa. Ni la kati, la juu, lakini gari linatembea. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Forester: AC ikifa unafungua dirisha na kujipanga, gasketi ikifa unasimama njiani.

CR-V za foo wili zikinguruma nyuma unapokata kona taratibu, usikubali kuuziwa difu. Mara nyingi ni oili ya difu imechoka. Honda ina oili yake maalumu kwa kazi hiyo, na kuibadilisha ni tengenezo jepesi kuliko yote niliyoyataja. Kwenye injini ya 2.4 ya 2012 hadi 2014, mkwaruzo wa sekunde moja au mbili asubuhi unapowasha ni kifaa cha kusogeza kamshafti, kazi ya kati. Na ukitaka mpya zaidi, CR-V ya lita 1.5 yenye tabo, iliyoanza na kizazi cha tano, ilipata sifa ya petroli kuchanganyika na oili, hasa kwenye baridi na safari fupi. Mwaka 2018 Honda ilisimamisha mauzo yake China kwa sababu hiyo. Nusa oili kwenye kijiti: ikinuka petroli na ikiwa juu ya alama, mwachie mwenyewe.

Kati ya hizi mbili, kwa njia za lami na vumbi la kawaida nachukua CR-V ya pili au ya tatu bila kusitasita. Forester naichagua pale tu barabara inapodai kweli, na iwe ya 2.0 isiyo na tabo.

CX-5, mbili tofauti ndani ya bodi moja

Mazda CX-5 ilianza 2012, na otomatiki yake ni ya kawaida ya gia sita, si CVT. Kwa hilo peke yake ya petroli inastahili kutazamwa kabla ya X-Trail T32. Itakudai kusafisha masizi kwenye valvu siku moja, kwa sababu nayo hupuliza petroli ndani ya silinda, lakini ugonjwa wa kushusha giaboksi hauijui sana.

Ya dizeli ya 2.2 ni nyingine kabisa. Vishikizi vya chini ya injekta vikivuja, moshi huingia kwenye oili na kuwa tope, tope huziba chujio la chini ya injini, tabo hukosa oili, na injini hufuata. Pia dizeli inayotumika kuchoma masizi ya chujio la egzosi hushuka kwenye oili, na kiwango kikapanda badala ya kushuka. Ndiyo maana kijiti chake kina alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikifika hapo, ibadilishwe mara moja. Dizeli ya CX-5 inayotembea safari ndefu ni gari zuri. Iliyokuwa ikienda sokoni na kurudi, iache.

Namna ya kulijaribu kabla ya kulipa

Omba ulikute gari limelala, halijawashwa. Fungua boneti uguse injini. Ikiwa ya moto, kuna kelele ya cheni au ya kamshafti ambayo hutaisikia tena siku hiyo. Pima oili kabla ya kuwasha. Tazama kulanti kabla ya kuwasha.

Kisha endesha angalau nusu saa, si kuzunguka mtaa. CVT isikilize kati ya kilomita 20 na 50 kwa saa ukikanyaga kidogo, halafu kwenye mlima ikiwa ya moto, halafu rudi nyuma kwenye mwinuko. Mtetemo, mshale wa mizunguko kupanda bila gari kuongeza mwendo, au gari kupoteza nguvu baada ya kupata joto, vyote vinaonyesha kuwa CVT imeshaanza kuugua. Kompyuta ya kupimia iunganishwe baada ya safari, siyo kabla, kwa sababu msimbo uliofutwa asubuhi huenda ukarudi giaboksi ikipata moto.

Kwa Forester na RAV4, mwombe fundi apime kama gesi ya injini inaingia kwenye kulanti. Ni maji ya bluu yanayowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kugeuka njano gesi ikiwepo. Kipimo hicho kinagharimu kidogo sana ukikilinganisha na gasketi mbili za Subaru.

Kabla ya kujadili bei, uliza gereji mbili gharama ya tengenezo zito la gari hilo mahususi: giaboksi kwa X-Trail, gasketi kwa Forester, pistoni au nyuzi za hedi kwa RAV4, AC nzima kwa CR-V, injekta na tabo kwa CX-5 ya dizeli. Nenda kwa muuzaji ukiwa na namba hiyo. Kama historia ya gari haionyeshi kuwa kazi hiyo imeshafanyika, sehemu ya namba hiyo itoke kwenye bei.

Ukishalinunua, wiki ya kwanza badilisha oili zote kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji, na kwenye CVT usikubali oili ya otomatiki ya kawaida hata kidogo: ile ya T31 inataka NS-2, ya T32 inataka NS-3. Kufungua nati ya chini hutoa karibu nusu tu ya oili iliyomo, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu kadhaa, kisha iweke kwenye ratiba ya kila kilomita 50,000 au 60,000. Forester ya EJ isiyo na kumbukumbu ya mkanda wa taimingi, ihesabu kuwa haijawahi kubadilishiwa, na uubadilishe kabla ya safari ndefu ya kwanza.